Gauni la Gunia la Unga

Kuna mwaka nyumba yetu ya Guta ilijaa pamba mpaka wenye nyumba tukakosa pa kukaa. Ghala la chama cha ushirika lilikuwa limefurika, lori la kuja kubeba limekosa dizeli, karani akawaambia wakulima rudini nazo nyumbani. Baba akazirudisha kwa mkokoteni wa maksai, safari saba. Tukajaza chumba cha wazazi, tukajaza sebule, tukajaza jikoni mpaka kuku wakahamia kwa jirani na hawakurudi. Usiku tulilala juu ya pamba. Mimi nililala karibu na kenchi, nikikohoa kidogo naligonga bati kwa pua.

Sasa sikiliza uchungu wake. Tumelala juu ya pamba daraja la kwanza kama watoto wa mfalme, na shuka ndani ya nyumba hakuna hata moja. Mimi nimevaa gunia. Mama aliligeuza gunia la mtama, akalitoboa tundu la kichwa na mawili ya mikono, akaniambia, "Haya, umependeza." Lilikuwa linawasha hilo! Nilikuwa najikuna mpaka mbwa akawa ananionea huruma.

Ndiyo ilikuwa miaka ile ya foleni. Duka la kijiji lilikuwa na rafu, na mizani, na mwenye duka, basi. Kitambaa kikija kinakuja mita tano kwa kijiji kizima, na kabla hujafika kimeisha. Sabuni tulikuwa tunatumia majani ya mpapai. Wale wafanyabiashara wa gulio la Kabasa walikuwaga na vitenge, lakini msako wa wahujumu uchumi ulipokuja wengine walivifukia ardhini, na walipokuja kufukua wakakuta mchwa wamevaa vyote.

Watu wananiambiaga nina chumvi nyingi. Nikisema nimeona nyoka, wanauliza nimeona mjusi. Sawa, nakubali. Lakini haya ya mama yangu mtayapata kama yalivyo, na penye chumvi nitawaambia.

Baba yangu alikuwa mkulima wa mbuga, lile tope jeusi la kwetu ambalo mvua ikinyesha linakuvua kiatu, kama unacho. Alilima pamba, na mtama, na mihogo. Mkatoliki wa kufa mtu. Asubuhi haendi shamba kabla hajapiga ishara ya msalaba, na maksai nao anawapigia. Kwenye kuchambua pamba ndiyo usiseme. Tulikuwa tunakaa chini familia nzima, katikati marundo mawili ya pamba: hapa A, ile nyeupe safi, hapa fifi, ile ya manjano iliyoliwa na wadudu. Ukikosea ukatupa fifi moja kwenye A, baba anaiona hata akiwa amekupa mgongo. Anaichomoa, anakuonyesha, anasema, "Hii ni uongo. Umeweka uongo kwenye pamba yangu." Majirani walikuwa wanachanganya, karani mwenyewe anafumba jicho. Baba hapana. Nafikiri hata Mbinguni akifika atawachambua malaika.

Lakini huyu Mkatoliki wa kufa mtu alikuwa hakomuniki, Komunyo hapokei. Yeye na mama, wote wawili.

Sababu ni kwamba walioana kwa ng'ombe. Mama alikuwa wa Butiama, baba akapeleka ng'ombe kumi na mbili kwa wakwe, wakacheza ngoma, wakanywa, akamleta Guta, yakaisha. Kanisani hawakwenda. Na kwa sisi Wakatoliki kama hamjafunga ndoa kanisani, misa mtasali, nyimbo mtaimba, sadaka itapokelewa vizuri sana, lakini Komunyo mtaiona kwa macho.

Mama alikuwa amekomunika utotoni, kabla ya kuolewa. Akawa anaikumbuka. Kwenye kigango chetu, kile kikanisa cha kijiji, alikuwa na sauti ya kwanza, akiimba yeye nyani wa mlimani wananyamaza. Lakini watu wakisimama kwenda kupokea, yeye kazi yake inakuwa kukunja miguu ili wengine wapite. Wanapita, wanarudi, anakunja tena. Miaka yote ile nilimwona anakunja miguu.

Na kila mwaka pamba ikianza kupasuka alikuwa anamuuliza baba kwa sauti ndogo, "Baba watoto, mwaka huu?"

"Mwaka huu tukivuna."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo."

"Mwaka jana nilikuwa na suruali?"

Hapo ndipo shida ilipolala. Baba alikuwa na suruali moja, ina viraka juu ya viraka, ukiuliza suruali yenyewe iko wapi hakuna wa kukuonyesha. Nyuma ndiyo hakukuwa na kitu kabisa. Kwa hiyo misa ikiisha, baba anatoka kanisani kinyumenyume, uso kwa altare, mpaka mlangoni. Watu wa kigango wakafikiri ni heshima kwa Bwana. Baada ya miezi kama mitatu wazee wengine nao wakaanza kutoka kinyumenyume. Siku moja wakagongana mlangoni wazee watano. Hii nimeongeza, walikuwa wawili.

Padre akija kigangoni na pikipiki yake anamwita baba pembeni.

"Mzee wangu, njoo ufunge ndoa. Mungu haangalii suruali."

"Najua Padre. Mungu haangalii. Lakini shemeji zangu wa Butiama wataangalia."

"Nitawaambia wafumbe macho."

"Padre, wewe huwajui wale. Nilipeleka ng'ombe kumi na mbili, nilisimama pale uwanjani kwao mwanaume kamili. Leo wanione nimesimama mbele ya altare matako nje?"

Padre anacheka, anapiga pikipiki kiki, anaondoka. Mama amesimama kwenye kona ya kanisa, amesikia yote.

Ndipo mama mdogo akaja na akili yake. Mama mdogo alikuwa anakaa Musoma, pale Mwisenge, na alikuwa na cherehani. Akapata mahali magunia mawili ya unga wa msaada, ile mifuko ya kitambaa cheupe kizito. Akafua, akakata, akashona gauni. Jamani, gauni! Lina mikono mirefu, lina kola, linafika kwenye kifundo. Na kilichobaki akashona suruali ya baba, akaichovya kwenye magome ya mti ikawa kahawia. Akapanda gari la samaki mpaka Bunda, akatembea kwa miguu mpaka Guta, mzigo kichwani.

Mama alivaa lile gauni akakaa nalo mchana kutwa. Hakufanya kazi. Ilikuwa mara ya kwanza namwona mama yangu hafanyi kazi. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, mikono mapajani, kuku wanapita anawaambia, "Shii, msinichafue."

Ndoa ikatangazwa kanisani Jumapili ya kwanza. Ikatangazwa ya pili. Zinatakiwa tatu, ilibaki moja tu.

Ile wiki ya katikati katekista wetu akaja nyumbani kuwafundisha maneno ya kiapo. Katekista alikuwa ndiye mtu pekee wa kijiji anayejua kusoma Kizungu, na hakuna alichokiona kimeandikwa akakiacha. Mama, siku hiyo amelivaa tena lile gauni, akainuka kwenda kuleta maji ya kunywa. Katekista akamwangalia mgongo, akainama, akasogea.

"Mama, subiri hapo hapo. Mgongoni umeandikwa."

"Ni rangi ya kiwanda," mama mdogo akasema. "Nimefua mara tisa haitoki. Atajifunga mtandio."

"Imeandikwaje?" baba akauliza.

Katekista angesema hajui, mama yangu angeolewa. Lakini mwenye elimu hawezi kunyamaza. Akasoma herufi moja moja kwa kidole, halafu akasema, "Hapa wanasema: siyo ya kuuzwa."

Halafu mama mdogo akaanza kucheka. Mama akacheka. Mimi nilicheka mpaka nikaanguka. Katekista mwenyewe akacheka akafuta miwani. Ukiwa unajua habari ya wale ng'ombe kumi na mbili huwezi kuacha kucheka.

Baba hakucheka.

"Mwanamke nimemtolea ng'ombe kumi na mbili," akasema, "nimpeleke mbele ya kaka zake kaandikwa mgongoni siyo ya kuuzwa?"

"Shemeji, ni mtandio tu, hawataona," mama mdogo akasema.

"Na upepo? Upepo wa ziwa utaufunga kamba?"

"Baba watoto," mama akasema, sasa hacheki tena. "Imebaki Jumapili moja."

"Tukivuna tutanunua kitambaa cha watu. Kitambaa kisichosema."

Akaenda kwa padre mwenyewe kusimamisha. Mama akalivua gauni, akalikunja, akalifunga kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, akaliweka chini kabisa kwenye sanduku. Jumapili ya tatu tukaenda misa kama kawaida. Walipoanza kupanga mstari, mama akakunja miguu.

Tukavuna. Mwaka ule ndiyo ule wa kulala juu ya pamba. Lori lilipokuja, panya walikuwa wamezaa humo, na baba akachambua yote upya, anatoa A yenye kinyesi cha panya anaweka fifi. Kitambaa hatukununua, maana hata mwenye hela alikuwa hakioni. Mwaka uliofuata jua likachoma. Uliofuata maksai mmoja akafa, tukamfunga ng'ombe jike kwenye plau, akawa analima huku analalamika kama mwanamke aliyeachika. Kila mwaka mama anauliza, kila mwaka baba anasema tukivuna.

Halafu mambo yakafunguliwa. Ruksa! Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao mapya, wananunua pamba barabarani, hata hawaulizi A wala fifi, wanasema mimina humo. Watu wakaanza kumwagia pamba maji na mchanga ili iwe nzito, wengine wakaweka mpaka mawe. Baba akabaki peke yake anachambua. Mnunuzi akamwambia, "Mzee unajisumbua, zote nachanganya." Baba akamwangalia kama amemtukania mama yake.

Na mitumba ikaja. Pale Kabasa walimwaga nguo chini milima kwa milima, ng'ombe akipotea unamtafuta humo. Kafaulaya, ndivyo tulivyokuwa tunaita, maana tuliambiwa ni nguo za wazungu waliokufa. Nilijiuliza huko Ulaya amebaki nani. Gauni za harusi zenye mkia, suti, makoti ya baridi ambayo Guta ukivaa unaiva. Kwa bei ya kuku mmoja unatoka unaonekana bwana shauri.

Wakati huo ndiyo koo la mama lilikuwa limeanza kufunga.

Lilianza kwa ugali. Akasema ugali unakwama. Tukadhani ni mfupa wa samaki, bibi mmoja akamwambia ameze viazi. Ikafika viazi navyo vinakwama. Baba akampeleka Musoma hospitali, wakakaa kwa mama mdogo wiki mbili. Waliporudi, nilimwona baba anashuka kwenye gari kwanza, anamshusha mama kama anashusha mayai. Alikuwa amekwisha. Mama yangu aliyekuwa anabeba debe la maji na mtoto na kuni kwa safari moja, sasa upepo ukija unamshika. Daktari alikuwa amemwambia baba nje, chini ya dirisha. Baba hakutuambia. Alienda shamba akalima siku nzima, na haikuwa msimu wa kulima.

Mama akawa anakunywa uji, halafu maji ya uji, halafu maji. Mimi ndiye nilikuwa namlisha, nilikuwa msichana mkubwa sasa. Nampa kijiko, nasubiri, nusu inarudi, nafuta. Nilikuwa namchekesha. Nilimwambia katekista amenunua koti la kafaulaya lina vifungo vya kike, na anafundishia katekisimu nalo. Alicheka bila sauti, mabega tu.

Siku moja akamwita baba. Sauti ilikuwa imebaki kama ya kifaranga.

"Baba watoto. Mwaka huu?"

Baba alitoka nje. Alikamata jogoo, yule mkubwa, akaondoka naye kwapani mpaka Kabasa. Alirudi jioni na suti nyeusi na gauni jeupe la harusi, lina shanga, lina mkia wa kuzungukia nyumba mara mbili. Na alikuwa amepita kwa padre.

Padre akaja kesho yake asubuhi. Akasema kwa mgonjwa wa namna hii hakuna kutangaza, tunafunga leo. Mama mdogo alikuwa ameshakuja kutoka Musoma, yeye na katekista ndiyo wasimamizi. Shemeji wa Butiama hata mmoja hakuwepo. Ile suruali yote ya miaka yote ilikuwa kwa ajili ya watu ambao hawakuwepo.

Tukataka kumvalisha lile gauni la shanga. Akakataa kwa mkono. Akaonyesha sandukuni.

Mama mdogo akaelewa kabla yangu, akaanza kulia. Akatoa karatasi ya saruji, akafungua, gauni lilikuwa bado jeupe. Baba alikuwa amesimama mlangoni na suti yake ya marehemu, mikono imezidi inafunika vidole. Akasema, "Mama watoto, lile lina maandishi."

Mama akasema, pole pole, tukainama wote kusikia, "Nimelala chali. Nani atayaona?"

Wakafunga ndoa. Padre aliuliza, baba alijibu kwa sauti kubwa kama anaita ng'ombe ng'ambo ya mto, mama akajibu kwa midomo. Padre akampaka mafuta ya wagonjwa. Halafu akafungua kile kikopo chake cha dhahabu. Akaivunja hostia, ule mkate wa Komunyo, akachukua kipande kidogo sana, kama punje ya ulezi, akakiweka kwenye kijiko na maji.

"Mwili wa Kristo."

Mama akafungua mdomo. Nilikuwa nimemshika kichwa. Nikaona koo linajitahidi. Lilipanda, likashuka, likapanda. Padre akageuka kumpa baba, maana baba naye alikuwa hajapokea tangu ujana. Baba akapiga magoti na suti ile, analia machozi yanaingia mdomoni pamoja na Komunyo.

Na maji ya mama yakarudi. Kama kila siku. Yalitoka pembeni ya mdomo, na mimi kama kila siku nikapokea kwa kitambaa safi. Na kile kipande kilikuwa pale kwenye kitambaa. Kimelowa, kidogo, cheupe.

Baba akanyanyuka, akageuka.

"Amemeza?"

Padre alikuwa anakunja stola yake ya shingoni. Mama mdogo ameficha uso kwenye kanga. Hakuna aliyekuwa anaangalia ila mama mwenyewe. Macho yake yalikuwa wazi kabisa.

"Amemeza," nikasema.

Halafu nikajifanya nafuta jasho, nikakiweka kile kipande kwenye mdomo wangu, nikameza. Sikujua kingine cha kufanya. Huwezi kukifua. Mama aliniona. Akafumba macho, na alitabasamu kidogo, au mimi ndiye nasema alitabasamu. Hapo sina hakika kama ni chumvi.

Alikufa siku ya pili yake, saa ya watu kwenda kupalilia. Tukamzika na gauni lake, chali.

Nilienda kuungama Musoma, ambako padre hanijui. Padre kijana yule akanisikiliza, akanipa Salamu Maria tatu. Tatu! Niliona kwa kitu kile hiyo ni bei ya kutupa. Nikasali thelathini kwa kujipimia, na bado sikuhisi kitu kimepungua.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila Jumapili alikuwa anaenda kupokea na ile suti ya marehemu wa Ulaya, anatembea mbele kama watu, hatoki tena kinyumenyume. Akirudi kwenye benchi anakaa mahali mama alipokuwa anakaa. Hakuoa tena. Na pamba aliendelea kuchambua, ingawa mnunuzi alikuwa anakuja anazimwaga zote pamoja.

Na kila msimu, tukiwa tumekaa chini sisi wawili na marundo yetu mawili, alikuwa ananiuliza. Hakuwa anaangalia, mikono inaendelea na kazi.

"Mama yako alimeza, si ndiyo?"

"Alimeza baba."

"Wewe ndiye ulikuwa umemshika."

"Mimi ndiye."

Msimu wake wa mwisho aliuliza hivyo hivyo, na mimi nikajibu hivyo hivyo, ila siku ile sauti yangu ilikwama kidogo katikati. Mikono yake ikasimama. Alikuwa ameshika kitita cha pamba, nikakiona vizuri, kilikuwa fifi, manjano kabisa, na tundu la mdudu. Macho yake yalikuwa bado mazima, alikuwa anaona mbuzi aliyevuka mpaka Kabasa.

Akakiangalia kile kitita muda mrefu. Halafu akakitupa kwenye A.